Dada Mwingine

Jumapili, 3 Machi

Leo kanisani mdogo wangu amemwita Mshonaji "Dada". Mbele ya watu, kwa sauti safi. Neno hilo ni langu! Ndilo la kwanza alilolitamka maishani, kabla hata ya "mama", na nimetembea nalo katika kila nchi tuliyokimbilia.

Sasa ana ndevu zenye mvi. Akili yake inakwenda kwa mwendo wake, na maneno yake hayajazi kiganja. Shati alikuwa amelifunga mwenyewe, upande mmoja juu, mwingine chini. Nikanyoosha mkono nimtengeneze. Mshonaji akanizuia — yule mjane anayekaa na watu wazima wenye ulemavu kila Jumanne, kwenye ukumbi wa kanisa.

"Muache, dada mkubwa, kavaa mwenyewe. Mungu hakagui vifungo!"

Benchi zima likacheka. Mdogo wangu akacheka kuliko wote.

Mchungaji alihubiri kuhusu mwili mmoja wenye viungo vingi. Mimi leo nilikuwa nyongo.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kuchungulia. Ndiyo, kwa uzee huu! Nimesimama nje ya dirisha la ukumbi kama mke anayemfuatilia mumewe. Wako sita mezani, wanashona mito ya kukalia ya kanisa. Mdogo wangu anajaza pamba, anaupiga mto ngumi, halafu anacheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Nyumbani hacheki hivyo. Nyumbani namvisha, namnyoa, tunakula, tunasali, tunalala.

Nilipoingia kumchukua niliuliza wanacheka nini. Wakatazamana. Ah, dada mkubwa, hakisimuliki — ungekuwepo!

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada Mchungaji alituita ofisini, na Mshonaji akawepo, bila shaka. Ile nyumba ya kanisa, wanamoishi watu wanne wenye ulemavu na wasaidizi wawili, ina chumba kimoja kitupu. Wamemfikiria mdogo wangu. Aanze kwa wiki moja ya majaribio. Unazeeka, akaniambia Mchungaji kwa upole, na siku ukiitwa na Bwana, mdogo wako atashtukia yuko peke yake.

Nikajibu palepale. Hataki. Hawezi kulala nisipokuwepo.

"Tumuulize mwenyewe," akasema Mshonaji.

Akamuuliza. Kisha akanyamaza. Kimya kirefu, kile ambacho miaka yote nakijaza mimi. Nikafungua mdomo — akaweka mkono juu ya goti langu.

Mdogo wangu akasema: "Nataka. Na dirisha."

Dirisha! Katika chumba chetu, dirisha liko upande wangu wa pazia. Sikuwahi kujua kwamba analitaka.

Jumatano, 13 Machi

Nimempikia anavyopenda siku tatu mfululizo. Hongo, tuiite kwa jina lake. Nikamuuliza: Utaniacha? Akanipapasa kichwa kama ninavyompapasa yeye akiugua, akaendelea kula.

Jirani kaja kunipongeza. Eti hatimaye nitapumzika, mzigo umetuliwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Na nani kamwambia kwamba ni mzigo? Nisipokuwa dada yake, mimi ni nani katika mji huu? Bibi mwenye vitabu na lafudhi ya ugenini.

Nimemwelewa leo yule mwana mkubwa aliyebaki nje, akikataa kuingia kwenye karamu ya mdogo wake. Hakuna anayehubiri kwa ajili yake.

Sala yangu ya jioni ilikuwa fupi na haina adabu: Bwana, niliomba msaada. Sikuomba wa kuchukua nafasi yangu.

Alhamisi, 14 Machi

Mshonaji kaja na vitambaa vya pazia, mdogo wangu achague. Akachagua chekundu. Nikasema chekundu kinaumiza macho. "Chekundu," akasema. Basi.

Mshonaji alipokuwa akikunja futi yake, akaniambia nisimchukie. Simchukii, nikasema. (Uongo.)

"Mimi sikujaliwa mdogo, dada mkubwa. Niazime wako."

"Ndugu si sufuria."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Nami nilikaribia kucheka. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Baadaye nilimketisha mdogo wangu nikamweleza polepole. Jumamosi unahamia nyumba ya kanisa. Wiki moja. Tutaonana Jumapili. Akaitikia kwa kichwa. Lakini yeye huitikia kila kitu.

Jumamosi, 16 Machi

Ameamka kabla yangu. Begi liko mlangoni, limefungwa zipu, naye amesimama kando yake, shati limefungwa sawasawa.

Nimefungua nihakikishe kaweka sweta. Juu kuna gauni langu la Jumapili. Chini yake dawa zangu za presha. Miwani yangu ya kusomea, ameiviringisha ndani ya soksi yake isivunjike. Kumbe! Kila tulipohama, nilimwambia maneno mawili tu: Funga, tunakwenda. Hajui kuhama kwa mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Tunakwenda," ananiambia sasa, ananihimiza.

Moyo umeruka kama wa msichana aliyechaguliwa mbele ya wenzake. Mshonaji hana gauni ndani ya begi hili! Nimefurahi hivyo, ovyo kabisa, kwa muda wa pumzi mbili. Halafu nikakumbuka chumba kile, kitanda kimoja, na pazia jekundu.

Nimeketi kitandani, naandika ili nisiseme. Lazima aambiwe kwamba anakwenda peke yake. Nikimwambia, huenda asiende. Nalijua hilo, na ndiyo maana siuamini mdomo wangu.

"Hodi! Mko tayari humo?" Ni Mshonaji.

"Tayari!" anajibu mdogo wangu.

Ananitazama miguu. Niko pekupeku. Viatu vyangu kaviweka chini kabisa, chini ya mashati yake yote, na siwezi kuvifikia bila kumwaga kila kitu mbele yake.

Mshonaji anabisha tena.