Mpaka Iwe Dharura

South Dakota, 9 Oktoba 2023

Dada Ardis mpendwa,

Hujambo dada? Goti linaendeleaje? Na masikio, bado yamegoma kusikia simu? Sisi wazima, ila Russ ana kiungulia kisichoisha na anasema ni kahawa yangu. Eti kahawa! Miaka thelathini anainywa, leo ndiyo imekuwa sumu.

Basi nina habari. Tangu jana sisi ni watu wa South Dakota. Usicheke. Kwa sisi tunaoishi kwenye gari ndivyo inavyofanyika: unalala kambini usiku mmoja, unaonyesha risiti, unapigwa picha ya leseni, tayari ni kwenu. Anwani yetu ni kisanduku kwenye ofisi ya kupokelea barua. Wanazitunza, na tukiwaambia tuko wapi wanatutumia zote kwa mpigo. Niandikie huko huko.

Kilichotutoa jasho ni bima. Ile ya Russ ilikuwa ya kazini, karakana ya mabasi ya shule, na alipostaafu nayo ikamuaga. Ya wazee inaanza ukifika sitini na tano, na mume wangu ana hamsini na nane. Kuna kikundi cha watu wa kanisa wanaochangiana bili za hospitali, lakini waliposikia Russ kaanza sukari mwaka huu wakaanza kuguna. Hizi nyingine kila moja imefungwa kwenye jimbo lake. Tukachukua ya hapa. Madaktari wao wote wako hapa hapa, ukiwa nje ya jimbo bima inalipa dharura tu. Russ kasema sawa, tutakuwa tunaumwa tukiwa nyumbani.

Kesho tunashuka Arizona kukimbia baridi. Nina furaha, dada, nisikufiche.

Mdogo wako,
Nadine

*

Ohio, 20 Oktoba 2023

Mdogo wangu Nadine,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Goti lipo, linanitabiria mvua. Masikio nimeshayasamehe. Wewe je, unakula?

Hivi mtu analala mahali usiku mmoja halafu anasema ndiko kwao? Mimi nimelala katika nyumba hii ya mama maisha yangu yote na bado mabomba yake hayanitii. Mwambie huyo kobe, shemeji yangu anayetembea na nyumba mgongoni, kwamba ugonjwa hauulizi mtu yuko jimbo gani.

Na kitu kingine. Mlipokuwa hapa Septemba nilimwona. Mtu aliyezoea kumaliza pai yangu ya tufaha peke yake alibakiza nusu kipande, akajishika ubavu akidhani simwangalii. Kahawa haishikishi mtu ubavu, Nadine. Mpeleke kwa daktari kabla hamjatoka huko. Najua barua hii itawakuta mmeshaondoka, lakini nasema.

Dada yako,
Ardis

*

Arizona, 3 Desemba 2023

Dada Ardis mpendwa,

Salamu nyingi kutoka jangwani. Natumaini Bibi Kessler jirani yako bado anakufagilia theluji mlangoni. Mimi mzima. Russ si mzima sana.

Ulisema kweli, haikuwa kahawa. Amepungua, dada. Juzi nilimkuta anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari, nikamuuliza unafanya nini, akasema anaupamba. Nikamburuta mpaka zahanati moja hapa, tukalipa mfukoni. Daktari alikuwa kijana mcheshi, lakini alipombonyeza tumbo akaacha kutania. Anataka afanyiwe kipimo kikubwa cha tumbo na aonwe na daktari bingwa, upesi.

Nikawapigia watu wa bima. Yule binti ana sauti nzuri kweli. Akaniuliza, "Mama, ni dharura?" Nikamtazama Russ, yuko nje kwenye kiti chake anakunja kamba na kupiga mluzi. Nikasema, bado. Akasema, "Basi mkirudi nyumbani apitie kwa madaktari wetu."

Nyumbani! Huko ni mwendo wa siku kadhaa na barabara zimejaa theluji. Tukienda hospitali kubwa ya hapa bila dharura, tunalipa wenyewe, na hiyo maana yake kuuza gari, na gari ndiyo nyumba. Russ anasema tutapanda kurudi huko Aprili. Kwa hiyo tupo. Kila asubuhi namuuliza, "Imekuwa dharura?" Ananijibu, "Nenda kapike sumu yako." Tunacheka, dada, halafu naenda kuoga nilie huko.

Mdogo wako,
Nadine

*

Ohio, 11 Desemba 2023

Nadine,

Salamu baadaye. Sikiliza.

Nimeenda maktaba. Kuna bibi anakaa pale Jumanne kusaidia watu kujiandikisha bima. Nimemweleza yote, akasema hivi: mkihamia kwangu, mkalala hapa na kukaa hapa kweli, nyinyi ni wakazi wa Ohio, na mtapata bima ya Ohio. Hospitali kubwa ya ini na kongosho iko saa moja kutoka hapa. Sukari imemwanza ukubwani, anakonda, ubavu unauma: huyo bibi alinyamaza nilipomtajia hayo, na mimi siogopi kitu kama watu kuninyamazia. Mlango wa kujiandikisha unafungwa Januari kumi na tano. Njooni sasa.

Najua Russ atasema hawezi kuishi kwa shemeji yake kama mtoto. Mwambie chumba cha mama nimeshakiondoa maboksi, nimetandika kitanda, na hilo gari lake litakaa uani alitazame dirishani akitaka. Mwambie namwomba. Mimi, Ardis, namwomba.

Nijibu upesi.

Dada yako

*

Ohio, 9 Januari 2024

Mdogo wangu,

Mko wapi? Simu yenu inasema hampatikani. Kitanda bado kimetandikwa. Zimebaki siku chache mlango ufungwe. Kama mmenikasirikia, nikasirikieni mkiwa hapa.

Ardis

*

Arizona, 3 Februari 2024

Dada yangu Ardis,

Sijui nikusalimie vipi. Leo ndiyo nimepata barua zako, zote mbili kwa pamoja.

Zilikuwa kisandukuni. Huwa tunasubiri zijae ndipo tuagize, kila mtu wa barabarani anafanya hivyo, na mwezi wa kumi na mbili nikasema kuna nini humo, kalenda na matangazo ya matairi. Simu huku bondeni tulikohamia haishiki. Ungeniona nilivyokaa na bahasha zako mapajani. Mlango ulikuwa wazi, Ardis, na mimi nikaacha ufunguo umelala kwenye boksi la watu. Sijui nitajisamehe lini.

Nilimsomea Russ. Alisikiliza macho kayafumba. Macho yenyewe sasa ni ya manjano. Nilipofika pale pa kitanda akasema, "Ardis kanitandikia mimi?" Akageukia ukutani. Sikuwahi kumwona mume wangu akilia, hata tulipomzika mama yake.

Kwa hiyo tunakuja. Kesho. Nikamwambia tupitie hospitali kwanza, sasa hata kipofu anaona kwamba ni dharura. Akakataa katakata. Anaogopa wakimlaza hapa hatatoka. Anasema, "Tufike kwa dada yako kwanza." Na mimi naendesha, yeye anashika ramani.

Mdogo wako,
Nadine

*

Oklahoma, 12 Februari 2024

Dada,

Russ amefariki. Jana alfajiri, hospitali moja ya hapa.

Nilikupigia. Uliitika, ukawa unasema "Nani? Nani?" na ilibidi nipige kelele ndipo usikie, na lile neno nikashindwa kulipigia kelele. Nikakata. Nisamehe.

Tulikuwa tumesimama kituo cha mafuta. Alishuka anyooshe miguu akaanguka kando ya pampu. Gari la wagonjwa lilikuja haraka, watu walikuwa wema sana. Wakaniweka kwenye kiti mbele ya dirisha, na dada wa mapokezi akachukua kadi yetu ya bima, akapiga simu pale pale mbele yangu. Alipomaliza akanishika mkono, anatabasamu, alitaka kunipoza moyo. "Usijali mama, wamekubali. Wamesema hii ni dharura."

Nikamwambia ahsante. Hebu fikiria, Ardis, nilimshukuru.

Madaktari wamesema ni kongosho, na kwamba ilikuwa imeenea kitambo. Niliuliza kama ingekuwa Oktoba. Daktari akasema hawezi kujua. Sasa na mimi naogopa watu wanaoninyamazia, kama wewe.

Leo wananiandikia cheti. Mwanamume wa makaratasi akauliza makazi ya marehemu. Nikamtajia nyumba yako, mtaa, namba ya mlango, chumba cha mama. Akaniambia kwa upole kwamba lazima ifanane na leseni. Basi Russ amekufa mtu wa South Dakota, mahali alipolala usiku mmoja.

Bado nipo hapa, gari nimeegesha kwenye uwanja wa hospitali. Mkanda wake walinipa ndani ya mfuko wa plastiki. Sijui nielekee wapi, dada.

Nadine

*

Ohio, 13 Februari 2024

Shemeji Russ,

Leo nakuandikia wewe, si mke wako. Habari za safari? Barua ya Nadine imefika, kwamba mnakuja, nimefurahi nikampigia kelele Bibi Kessler dirishani. Nyinyi hamkai mahali pamoja, kwa hiyo hii naituma kwenye kisanduku chenu kile. Najua mtafika kabla yake, na siku ikija tutaisoma mezani tucheke.

Bibi wa maktaba anasema tusife moyo. Mtu akihama jimbo, mlango unafunguliwa tena kwa ajili yake. Mkifika mwezi huu, bima yako inaanza Machi mosi. Nimeshamwachia jina lako.

Uani nimefagia theluji mahali pa gari. Tufaha nimenunua, safari hii huniachii hata kipande. Na usione haya, shemeji. Hapa ni kwenu.

Jana simu ililia, mtu akawa kimya, halafu akakata. Nadhani ni hao wanaouza bima.

Shemeji yako,
Ardis