Macho ya Mtoto wa Mahgul

Kabul

Kaka Sohrab,

Hatujambo. Goti la mama limepata nafuu.

Jana Mahgul, jirani yetu aliyeolewa mara tu ulipohamia Peshawar, alikuja kwenye studio yetu ya picha na mwanawe. Alitaka niitie rangi picha ya mtoto iliyopigwa kwa nyeusi na nyeupe. Nikamtazama mtoto: macho ya kijani, kama yako. Nikachovya brashi kwenye kijani, Mahgul akanishika mkono.

"Paka kahawia, dada. Picha inakwenda kwa wakwe zangu Herat. Hawajamwona."

"Lakini macho yake..."

"Wewe paka tu. Kaka yako hajambo?"

Nikapaka. Hadi sasa sijui nimemsitiri nani, wala nimemdhulumu nani.

Mama anauliza utampa mjukuu lini. Nimjibu nini?

Nduguyo,
Zarmina