Ripoti ya Pili ya Kanisa Kuukuu

Jumanne, 3 Juni
Upepo tena. Nimepima baraza la nyumba ya masista peke yangu, ncha ya futi kamba nimeibana kwa jiwe, na jiwe linasogea. Matao saba. Kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu. Madirisha ya mashariki, unakotoka upepo, madogo kama ya ghala. Ya magharibi makubwa. Aliyejenga aliijua Ufipa.
Masista walihamia Sumbawanga zamani. Kanisa kuukuu lililoungana na nyumba yao halina misa tangu lijengwe jipya kule barabarani. Kamati ya ujenzi ya parokia inataka ripoti: historia ya majengo na hali yake. Wamempa mwalimu wa historia, yaani mimi. Shule imefungwa, wanadhani nimekaa bure.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwangua chokaa kidogo. Chini yake matofali yana alama za vidole. Viwili. Vitatu. Kimoja cha mshazari. Mama anasema kila kigango cha parokia kilikuwa na alama yake, ili padri ajue nani kaleta na nani kakwepa. Bibi aliyabeba kichwani toka tanuri la bondeni, hajabatizwa bado. Ukitaka maji ya ubatizo, lete tofali kwanza.
Nimecheka. Kisha nimekasirika. Nina miaka arobaini na moja na sikuwahi kuambiwa.

Jumapili, 8 Juni
Nimesoma ripoti mbele ya kamati baada ya misa. Niliiandika kwa moyo wote: matofali ya nyumba ya masista yamechomwa vizuri, hayana ufa, yameshikwa kwa udongo tu bila saruji, na yatadumu kuliko sisi. Mzee Polikarpo, mwenyekiti, ameniita mtoto wetu msomi. Makofi. Nimerudi nyumbani nikiringa.

Jumatatu, 16 Juni
Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.
Wanabomoa nyumba ya masista. Wanataka ukumbi wa parokia, na matofali, ripoti imesema, ni mazima. Tena yameshikwa kwa udongo, kwa hiyo yatang'oka bila kuvunjika. Hilo nalo nililiandika mimi.
Mzee Polikarpo amenishukuru hadharani. "Mwalimu, umetuokoa na kazi ya kufyatua." Nikamwambia ile nyumba ni historia yetu. Akajibu kwa upole kabisa kwamba historia haizuii mvua. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa afadhali.

Alhamisi, 19 Juni
Zamu ya jumuiya yetu. Wanawake mstari mmoja, tofali kichwani, wanaimba. Ulezi umeshavunwa, kila mtu ana nafasi. Walifurahi. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba walifurahi.
Sikubeba. Mke wa katekista ameniuliza kama naumwa. Nimesema mgongo. Matao matatu yako chini.

Jumamosi, 12 Julai
Nyumba ya masista imekwisha, baraza na vyote. Ukumbi umefika madirishani na matofali yamepelea. Sasa wanalitazama kanisa. Wanataka ripoti ya pili, ya kuta za kanisa tu, maana ya kwanza iliishia matofali ya masista, ndipo waombe ruhusa kwa askofu. Wananiamini mno. Sijalala vizuri siku tatu.

Jumatano, 16 Julai
Nimeandika. Kuta za kanisa zimeoza kwa ndani. Matofali hayakuiva, ukiyashika yanamomonyoka, hayafai kujengea hata banda la kuku. Ukianza kuyang'oa, paa litawashukia mafundi. Lisiguswe. Lifungwe.
Hakuna sentensi hata moja ya kweli. Kuta zile zingebeba paa jingine juu ya hilo. Nawafundisha watoto kwamba mwanahistoria haongezi wala hapunguzi, na leo nimetia sahihi uongo ukurasa mzima. Mzee Polikarpo amesoma, amesikitika, ameamini. Nimekula ugali nikashiba.

Jumapili, 27 Julai
Wamepiga kufuli mlango wa kanisa. Wakaniomba niandike kibao, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. HATARI. USIINGIE. Nimeandika.
Jioni nimemsindikiza Mama. Yeye na wazee wenzake wachache walikuwa bado wanasali rozari humo kila Jumapili. Sikuwafikiria. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli: sikuwafikiria hata mara moja.
Amekisoma kibao taratibu, herufi kwa herufi. Ameniuliza kama kweli litaanguka. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Hakubisha. Anaiheshimu shule niliyosoma.
Amepiga magoti nje, kwenye nyasi kavu, nami kando yake. Amesali rozari yote. Mwisho akaomba kwamba siku kanisa litakapoanguka, lisimwangukie mtoto wa mtu.
Nikaitikia amina.