Ukurasa Wangu kwa Fundi Feruzi

Kasongo, Alhamisi.

Mvua ya asubuhi imekatika, lakini barabara ya misheni bado ni tope tupu. Nimerudi na miguu myekundu, nami nataka kuandika kabla mama hajaniita kutwanga sombe, yale majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Juma lililopita Zaina, ninayekaa naye dawati moja, alinipitishia kijitabu chini ya meza. Nilidhani ni cha sala. Kumbe ni cha michoro ya kuchekesha. Aliyekitengeneza ni Fundi Feruzi, yule mshonaji wa karibu na soko. Hakutumwa na misheni wala serikali. Anachora kwa wino juu ya karatasi za kufungia sukari, anazishona kwa mashine yake, kisha anawaazima watu.

Sikujua kwamba mtu wa hapa kwetu anaweza kutengeneza kitabu kwa kupenda tu.

Nilikisoma mara nne. Ukurasa wa kwanza ni yeye mwenyewe: ameshona suruali ya mteja pamoja na kanzu yake, anainuka kumsalimu mteja, na mashine inamfuata. Mwingine ni watu wanne kutoka Wamaza, wabeba kipoyi, kile kiti cha kumbebea mkubwa mabegani. Wananyata ili wasimwamshe bwana wa serikali aliyelala kitini. Kumbe bwana alishuka zamani kuwinda kanga, na wao wanabeba kiti kitupu. Uzito ulipopungua, kila mmoja alidhani kwamba leo wenzake wamekula vizuri.

Ninachokistaajabia zaidi ni kanuni ya fundi. Hachori kosa uliloliona kwa jirani. Lazima ulete lako. Nadhani ndiyo maana kitabu chake hakimuumizi mtu. Yule mbeba kipoyi wa mbele, mwenye masikio makubwa, ndiye aliyeisimulia habari hiyo, na sasa anawaonyesha watu masikio yake sokoni.

Tangu hapo nimetamani ukurasa wangu. Lakini mwezi huu masere, watawa wanaotufundisha, watachagua msichana mmoja wa darasa letu awafundishe watoto wadogo kusoma, na hakuna kitu ninachokitaka kuliko hicho. Zaina aliniambia waziwazi, "Mwamini, nani atamuheshimu mwalimu mwenye kuchorwa?"

Nilitembea na neno hilo siku tatu.

Leo baada ya shule nilikwenda kwa fundi. Naona aibu kuliandika hili: kwanza nilijaribu kumpa kosa la Zaina. Hakuinua hata macho kutoka kwenye sindano.

"Hilo iko lako ama la mwenzako?"

Nilikiri kwamba ni la mwenzangu.

"Basi yeye mwenyewe aje. Weye, huna lako?"

Ninalo. Mwaka jana wakati wa likizo nilikuwa Kabambare kwa babu, baba yake mama, ambaye ni Mwislamu. Alasiri moja nilimpelekea ugali na samaki, nikakaa mbele yake, kwa kuwa mama alinifundisha kwamba mkubwa haachwi ale peke yake. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni Ramadhani. Babu alikitazama chakula, akanitazama mimi, akaniambia nikiombee kwanza. Niliomba. Akasema sala yangu ni fupi, niendelee. Nikasali Baba Yetu, nikasali rozari, nikamaliza katekisimu yote, na nilipoishiwa nikamtajia mito ya Kongo. Babu alitikisa kichwa kwa utulivu mpaka mwadhini alipoita. Ndipo akasema amina, akachukua samaki.

Nilielewa nilipokuwa naosha sahani.

Fundi hakucheka. Aliuondoa mguu kwenye mashine, akaniuliza babu alikaa vipi, mkono upi ulikuwa gotini. Hapo niliingiwa na hofu. Babu hakumwambia mtu yeyote habari ile, ili kunisitiri. Je, mimi namwanika sokoni?

"Babu yako hakukosa kitu, mama," fundi akasema. "Nitamuchora muzuri."

Akamchora mgongo umenyooka kama wa sultani. Mimi niko mbele yake, mdomo wazi, macho nimefumba, na samaki ananitazama kwa huruma. Juu kuna jua lisilotaka kutua. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Sijapata kuona heshima ikichorwa.

Kisha akauliza kama aandike jina, ama "musichana moja" tu. Nilimwomba kalamu, nikaandika jina langu lote kwa hati ileile ninayoandikia ubaoni.

Jumamosi kijitabu chenye ukurasa wangu kitaanza kupita mkono kwa mkono. Watoto wadogo watakiona, na masere pia, bila shaka. Je, nitaweza kusimama mbele yao, nicheke nao, kisha nigeukie ubao na kuanza somo? Nadhani naweza. Wasiponichagua, nitaumia sana.

Lakini sitamwomba fundi aubandue ukurasa wangu.