Boksi Aliyotupa Anko

"Anko, sijatoa fyuzi!"
"Nyamaza! Si ungemaliza digrii badala ya kunimaliza mimi!"

Jep rafiki yangu, ndivyo tumekuwa tukipigiana kelele na Anko Kangethe tangu asubuhi, hapa yadi ya malori, Malton. Lori lake limekataa kuwaka. Wiki jana nilimfichia fyuzi, sawa. Lakini leo SI MIMI. Naapa si mimi!

Fundi Naeem akapima, akasema kompyuta ya injini imeharibika. Akaitoa, akaiweka mezani. "Msiiguse. Nahamisha data yake kwa kompyuta mpya, bila hiyo lori haliwaki."

Akaenda kuchukua leptopu. Kurudi, meza tupu.

Anko ameitupa!! Alidhani ni ile boksi yangu ya mzaha, ya taa za uwongo, ile nilimfungia kwa injini Krismasi. Jep, AMEITUPA. Na lori la takataka limeshapita.

Kesho asipobeba mzigo, kazi anapewa mtu mwingine. "Nitamwambia nini anti yako?" Amerudia mara tatu.

Nikangoja kofi. Akakaa juu ya tairi, macho yamejaa machozi, akaniambia polepole:

"Kijana, wewe si mtu wa mizaha? Hebu nichekeshe."