Ulisema Tabora Hapakuwa na Mwalimu

Gongoni,
Tabora.
18 Novemba, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Nikolaus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Leipzig, na baridi haijaanza kukusumbua kifua. Sisi huku hatujambo. Mvua za kwanza zimenyesha, watu wa Igunga wameshaingia kwenye majaruba ya mpunga. Mguu wa Baba Mdogo unaendelea vizuri tangu alipotoka hospitali kule Kitete, sasa anatembea kwa mkongojo. Mama Mdogo Imakulata naye ni mzima, ila usingizi umempungua.

Salamu zimeisha. Sasa nisikilize, maana nina hasira nawe. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ujumbe wangu wa simu uliujibu kwa picha ya kidole gumba.

Wewe ulikuwa jukwaani, taa zinakumulika, hukutuona. Acha nikueleze ile jioni ilivyokuwa upande wetu. Habari za ujio wako tulizisikia redioni: mpiga piano kutoka Ujerumani, mzaliwa wa Tabora, atapiga pamoja na wapiga fidla wanne, bila kwaya wala spika. Sisi wa nyumba iliyokulea tukapata habari kwa tangazo, kama mtu yeyote aliyepo sokoni. Nilijisemea kwamba una shughuli nyingi. Baba Mdogo ndiyo kwanza alifurahi hadi akasahau mguu. Kila aliyepita barazani alimwambia, "Mwanangu anakuja kupiga."

Mwanangu, Nikolaus. Hakusema mtoto wa kaka yangu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyetufuata Nzega akatuleta kwake. Yeye ndiye aliyekukalisha kwenye kinanda cha parokia miguu yako haijafika chini, akakupanga vidole kimoja kimoja. Unayajua haya. Nayaandika ili uyasome.

Tulikwenda na bajaji ya jirani yetu Sadiki, naye akaingia ukumbini pamoja nasi. Tulikaa nyuma, viti vya mbele vilikuwa vya wakubwa. Ulipiga vizuri, sitakunyima haki yako. Ule muziki wa polepole, pale ile fidla kubwa ya kushikwa kwa magoti ilipokuwa kama inakuuliza jambo na wewe unaijibu, mimi nililia. Ukumbi ulitulia, hata wale waliokuja kwa ajili ya kupiga picha. Baba Mdogo alifumba macho, vidole vyake vikawa vinatembea juu ya mkongojo.

Kisha mshereheshaji akakupa kipaza sauti, akauliza ni nani alikuwa mwalimu wako wa kwanza hapa Tabora. Nilimgusa Baba Mdogo begani. Alikuwa ameshaanza kufunga vifungo vya koti, tayari kusimama.

Wewe ukacheka. Ukasema, "Hapa? Hapa hapakuwa na mwalimu wa muziki. Nilikuwa napapasa tu mwenyewe. Nilipofika Ujerumani ndipo nikafundishwa."

Watu wakapiga makofi. Wengi wa safu yetu ni waumini wa parokia, wakageuka kumtazama Baba Mdogo. Sadiki, ambaye hajui kunyamaza, akamwuliza, "Mzee Alois, si wewe uliyemfundisha?"

"Amechoka na safari," Baba Mdogo akajibu. Akavifungua vile vifungo, taratibu, akakaa hivyo mpaka mwisho.

Nje ulitupa shikamoo ya haraka huku wafadhili wamekushika mkono. Ulisema kesho asubuhi utapita nyumbani. Mama Mdogo aliamka alfajiri akachinja jogoo, akachemsha matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na karanga kwa sababu alikumbuka unavyoyapenda. Baba Mdogo alivaa koti akakaa mlangoni. Mchana Sadiki akarudi kutoka uwanja wa ndege, akasema amekuona ukipanda ndege. Chakula tuliwagawia majirani. Sisi kilitushinda.

Laiti ingeishia hapo ningekasirika peke yangu na nisingekuandikia. Jumamosi iliyofuata Bwana Mhoja, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alikuja kumwondoa binti yake Shukrani kwenye mafunzo ya kinanda ambayo Baba Mdogo huwapa watoto wa parokia. Wazazi wengine nao wakafuata. Nilikwenda dukani kwake nikapandisha sauti mpaka wateja wakaacha walichokuwa wanafanya. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Dada Mektilda, sikukatalii. Lakini mwenye muziki wake amesimama mbele ya mji mzima akasema hapa hapakuwa na mwalimu. Nimwamini nani?"

Jibu unalo wewe.

Na linaloniunguza zaidi ni kwamba Baba Mdogo mwenyewe hana hasira. Afadhali angekutukana. Juzi alisema, tena kwa sauti ya kawaida tu, "Labda ni kweli. Labda nilikuwa napapasa, nikampapasisha na mtoto." Mtu aliyepiga kinanda kanisani tangu kabla hatujazaliwa! Jumapili iliyopita hakupanda kwenye kinanda. Alikaa benchi la katikati kama muumini yeyote. Kwaya ikaanza wimbo juu mno, ikakwama njiani, padri akasubiri. Tulimtazama wote. Hakuinuka.

Sitaki uniombe msamaha mimi. Usitume zawadi. Mpigie simu Bwana Mhoja, umwambie kwa mdomo wako ni nani alikufundisha, na wale wa redio waliokutangaza waambie hivyohivyo. Kisha njoo Krismasi, ulale nyumbani, si hotelini. Ukae na Baba Mdogo, umtazame usoni, na ulilosema pale ukumbini ulifute mbele yake. Kama hilo ni zito kwako, basi waambie wafadhili wako waliondoe jina la Tabora kwenye mabango yako.

Shangazi Leonia wa Nzega anakusalimu, naye habari zimemfikia. Wanangu wanakusalimu sana. Wao bado wanajivunia jina lako shuleni, na sijataka kuwaharibia. Sadiki nilimwuliza kama ana salamu, akasema hana.

Mungu akulinde ugenini, akupe moyo wa kukumbuka.

Baba Mdogo hajui kwamba nakuandikia. Jana jioni aliniuliza kama ulifika salama na kama umetaja lolote kuhusu nyumbani. Nilimwambia ulifika salama, na kwamba unamsalimu sana. Alifurahi. Nikolaus, usinifanye nikusemee tena.

Dada yako akupendaye hata kwa hasira hizi,
Mektilda