Marobota ya Barasa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia, nimepiga deki, nimefua gauni la kazini. Chai nimeinywa nikiwa nimesimama mlangoni. Ukungu umelifunika lile jiwe kubwa la Tororo, imebaki ncha tu, kama kichwa cha mtu anayeoga ziwani. Kila asubuhi nalitazama hadi nasahau kuondoka.

Mwezi wa pili huu tangu nihame nyumbani Lumino. Chumba kimoja, dirisha moja, kitanda, sigiri ya makaa. Mwenye nyumba, Mama Zubeda, amefunga Ramadhani, lakini bado ana nguvu za kunisifu. Anasema sijawahi kumsumbua kwa swali lolote, si la moto, si la maji, si la kupika. Nilifurahi. Mama alinilea vizuri. Nilikuwa nasonga ugali wa posho kwa nyumba nzima wakati wenzangu bado wanacheza kombolela.

Jumatano, 5 Machi

Siku ndefu na watoto wa chekechea. Saa ya uji, mmoja wao, Akello, alifunika kikombe chake kwa kiganja na kusema, "Sitaki." Hakulia wala hakununa. Alisema tu, kisha akaendelea kumtazama kipepeo dirishani.

Nimetembea na neno hilo njia nzima ya kurudi. Sikumbuki kama nimewahi kumwambia hivyo mtu mzima. Kwetu mtoto mzuri aliitika kabla hajaitwa mara ya pili. Mimi nilikuwa mtoto mzuri sana.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa alikuja Barasa, mtoto wa mjomba, kaka yake mama. Alikuja na marobota ya vitenge kutoka ng'ambo, upande wa Kenya.

"Nafula, sista yangu, hizi zikae kwako kidogo tu. Mi nakwenda Mbale, narudi."

Vitenge hivyo havikupita forodha. Hakusema, sikuuliza, sote tunajua. Mdomo wangu ukasema sawa. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nafikiri.

Ameyapanga mbele ya dirisha. Chumba kimekuwa giza.

Jumanne, 11 Machi

Marobota yamelala kama ng'ombe. Yananuka rangi mpya. Nikifumba macho nasikia kama yanapumua.

Nimeota niko Lumino. Mama anaanika mihogo juu ya mwamba. Akimaliza kapu, lingine limeshajaa. Shangazi anapita anaweka lake, jirani anaweka lake, mjomba anatuma lake. Mama anaanika tu. Mwamba ukaenea hadi ziwani. Nikamwita, hakugeuka.

Nimeamka nimechoka, kana kwamba nami nilikuwa naanika.

Jumamosi, 15 Machi

Barasa amerudi. Hakuja kuchukua. Ameleta mengine.

Nilianza, "Lakini kaka..." na yeye tayari alikuwa anasogeza kitanda changu kwa goti. Alipomaliza akanishika bega. "Wewe ni mtoto mzuri. Si kama hawa wasichana wa town."

Nikatabasamu. Najichukia kwa tabasamu lile.

Sasa nikitaka kulala napanda kitandani kupitia miguuni. Sigiri imehamia nje.

Jumatatu, 17 Machi

Watu wa ushuru walikuja mtaani asubuhi na askari. Nyumba ya ng'ambo ya barabara. Wakatoa mizigo, wakamtoa na mwanamke aliyekuwa ndani. Alikuwa anasema si yake, ni ya shemeji. Alirudia hivyo mpaka gari likaondoka. Leso yake ilibaki imeanguka kwenye vumbi, hakuna aliyeiokota.

Mama Zubeda alikuja hadi mlangoni kwangu. Akachungulia ndani, akanitazama usoni. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, mimi nina nyumba hii tu." Akaenda.

Nilimpigia Barasa. Akacheka, akasema naogopa kama mtoto.

Nikampigia mama. Nilitaka aseme neno moja, nami ningelitumia kama fimbo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Ni mtoto wa kaka yangu, Nafula. Nitamwambia nini mjomba wako? Vumilia kidogo."

Alinifundisha kupalilia, kupika, kusuka, kusalimia kwa magoti, kumshika mtoto mchanga shingo isilegee. Ningeweza kuishi popote duniani kwa mikono hii. Lakini mtu yeyote anaweza kuingia humu na kuweka mzigo wake, nami nitamsogezea kitanda.

Nina hasira na mama. Naandika hivyo, nabaki nalitazama neno. Hasira. Na mama.

Jumanne, 18 Machi

Nimefanya.

Nilimpigia Barasa kabla ya kwenda shule. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo, nikikaza uso usitabasamu.

"Kaka, sitaki mzigo wako kwangu. Njoo uuchukue leo jioni. Nikitoka kazini nautoa barazani."

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna."

Nikakata simu kabla hajacheka.

Jioni niliyaburuta moja moja. Wapangaji wote walitoka kutazama. Mawingu meusi yalikuwa yamekaa juu ya jiwe. Nilitamani mvua inyeshe, kisha nikatamani isinyeshe. Mama Zubeda alikuja bila kuitwa, na saumu yake, akashika upande wa pili wa robota la mwisho.

Barasa alifika na pikapu. Alipakia bila salamu. Alipofunga mlango wa gari ndipo akasema, "Mzee atajua. Siku ukiwa na shida, usituite."

"Haya, kaka," nikasema.

Akaondoka. Nilirudi ndani. Nilidhani nitafurahi. Naogopa tu. Chumba ni kikubwa mno, umeingia mwanga ambao sijui niuweke wapi.

Alhamisi, 20 Machi

Mama hapokei simu.

Ijumaa, 21 Machi

Bado. Dada wa jirani yetu Lumino ameniambia mama ameitwa Busia kwa mjomba, ameenda amevaa gauni la kanisani. Najua gauni hilo. Analivaa akienda kuomba radhi.

Darasani nilikuwa nawafundisha watoto kufunga kamba za viatu. Nikajikuta namfungia Akello. Nikazifungua. Nikamwambia ajaribu mwenyewe. Ilichukua muda mrefu na wenzake wakatoka kucheza. Nilikaa naye sakafuni. Mwanga ulikuwa umeingia mpaka magotini petu, vumbi linaelea ndani yake, nikafikiri: mama naye alikaa nami hivi, kwa mengi. Kwa mengine hakuwa na mahali pa kukaa.

Sijui kama bado nina kwetu.

Jumapili, 23 Machi

Mama amekuja. Hakupiga simu. Nimefungua mlango, ndiye huyo, na gauni lile.

Aliketi kitandani. Alitazama chumba polepole, ukuta baada ya ukuta. Niliogopa kuuliza, nikampa maji.

"Mjomba wako alitaka nikupeleke, upige magoti mbele ya Barasa," akasema.

Nikaketi kando yake.

"Nimemwambia huendi."

Alishika bilauri kwa mikono miwili. "Mdomo wangu ulikuwa unacheza kwa woga, Nafula. Kaka yangu alinitazama kama mgeni. Leo asubuhi mke wake hakunitolea hata chai. Nikatoka nikatembea mpaka stendi, nikakuta gari la Tororo, nikapanda."

Nilimwambia pole. Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba nimekufundisha yote. Hili sikuwa nalo. Ningekupa kutoka wapi?"

Hasira yangu niliitafuta, sikuiona.

Baadaye alinyanyuka, akaanza kukusanya vyombo vya jana aende kuviosha. Nikasema, "Mama, kaa." Akasimama na sahani mkononi kana kwamba nimesema lugha nyingine. Kisha akaiweka chini. Akaketi. Akaegemea. Akalala kabisa, na viatu miguuni.

Mchana huu, jua likiwa bado juu. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mama amelala mchana. Mdomo umefunguka kidogo. Anaonekana msichana.

Nimemvua viatu. Mvua imeanza, nyembamba, inagusa mabati kwa vidole. Nje Mama Zubeda anaanua nguo, na zangu pia. Naandika polepole ili kitanda kisitikisike.